Mgongo Baada ya Kupasuliwa

Mgeni afikapo Tanga mjini hachelewi kutambua wingi wa baiskeli. Baba yangu mkubwa ni mmoja wa wenye baiskeli hizo, na kwa miaka mingi amekuwa akiuza machungwa ya Muheza katika mitaa ya Ngamiani. Alipofika umri wa miaka 68 alipatwa na jambo la kushangaza. Baiskeli aliweza kuipanda saa nzima bila kuumwa, lakini akitembea hatua 200 tu, miguu ilikufa ganzi na kuwaka moto mpaka akae au ainame. Baadhi ya majirani walidhani anasingizia.

Hebu tuchunguze sababu yake. Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Zilizo huru ni 24: shingoni 7, nyuma ya kifua 12 na kiunoni 5. Kati ya pingili nyingi kuna kisahani cha gegedu, na nyuma yake upo mfereji upitishao neva. Kadiri miaka inavyopita visahani hunywea, mifupa huota vinundu, kano zinazofunga pingili hunenepa, na mfereji hupungua upana. Mtu akisimama wima mfereji huzidi kubana. Akiinama mbele, kama mpanda baiskeli ainamiavyo usukani, hupanuka kidogo. Kumbe mzee alikuwa akisema kweli.

Katika upasuaji wa ugonjwa huu, daktari huondoa sehemu ndogo ya mfupa na kano zinazobana neva. Kazi hiyo hufanyika humu nchini, mathalani katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Lakini ikumbukwe kwamba kisu huipa neva nafasi tu. Hakirudishi nguvu ya misuli. Hapo ndipo sisi jamaa zake tulipokosea.

Mzee aliporudi nyumbani tulimhurumia kupita kiasi. Wajukuu walimpelekea chakula kitandani, na mama mkubwa alimkataza kwenda hata msalani peke yake. "Baba, lala, mgongo upone," nilimwambia mimi mwenyewe, niliyesomea shahada ya udaktari ng'ambo. (Elimu yangu ni ya wadudu, lakini huo si utetezi.) Baada ya wiki mbili hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa. "Mwanangu," akasema, "mgongo mmeutengeneza, sasa mwaninyang'anya miguu."

Maneno yake yalikuwa sahihi kisayansi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10: kila mmoja alipoteza, kwa wastani, karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Kijana huirudisha upesi; mzee huirudisha kwa taabu.

Tulimrudisha hospitali, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwagiza atembee mara nyingi kwa siku, mwendo mfupi, juu ya ardhi tambarare: kwanza uani, kisha hadi msikitini. Akiamka ageuke ubavu, ateremshe miguu, ndipo ajisukume kwa mikono. Kuhusu sala, jambo lililomtia huzuni kuliko yote, sheria inamruhusu mgonjwa kuswali akiwa amekaa. Alikatazwa kujipinda kiuno na kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa.

Katazo hili la mwisho ni somo zuri la wenzo, na mwalimu aweza kulifanyia hesabu darasani. Egemeo ni pingili ya kiuno, na misuli ya mgongo huvuta kama sentimita 5 nyuma yake. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa nyutoni 200 hivi. Ikishikwa sentimita 40 mbele ya pingili, misuli hulazimika kuvuta kwa nyutoni 200 × 40 ÷ 5, yaani 1,600. Ikisogezwa hadi sentimita 20, ni 800. Na hapo uzito wa kiwiliwili chenyewe haujahesabiwa! Vipimo vilivyofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999, ndani ya kisahani cha mtu aliye hai, vilionyesha kwamba kunyanyua kilo 20 kwa kuinamisha mgongo huzidisha kanieneo zaidi ya mara 4 kuliko kusimama wima. Kulala chali huipunguza hadi moja ya tano.

Kutembea hakumaanishi kupuuza dalili za hatari. Homa, usaha, kuvimba muundi mmoja, ganzi kati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo ni mambo ya kumrudisha mgonjwa hospitali siku ile ile.

Baada ya miezi 3 mzee alipanda tena baiskeli yake. Kapu la machungwa amelipunguza nusu, ndoo huchota wajukuu, na kile kitanda cha kamba kilichobonyea katikati aliamuru kitolewe chumbani.