Umenunua au Umekodi? Somo Kuhusu Programu za Kompyuta

Shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wanafunzi na wazazi, malalamiko juu ya programu za kompyuta na simu yamekuwa mengi majumbani. Programu iliyolipiwa mwaka jana, mwaka huu inadai tena. Ukitaka kujitoa, mlango wa kutokea hauonekani. Watu hukasirika, kisha baadhi yao husema: "Hawa wanatudhulumu, basi nasi tunakili za kwao bure." Tuupime msemo huo kwa fiqhi ya biashara.

1. Bai na ijara

Bai ni kuhamisha umiliki wa kitu kwa thamani inayojulikana. Aliyenunua mbuzi, akitaka atamchinja, akitaka atamuuza. Ijara ni kutoa manfaa ya kitu kwa muda na malipo maalumu. Aliyepanga nyumba hulala ndani yake, lakini hawezi kuiuza. Yote mawili ni halali. Tatizo huja pale muuzaji anapoandika "nunua" ilhali anakodisha.

2. Mifano

Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya Kindle vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyevileta sokoni hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi.

Mwaka 2013, Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kama Photoshop yatapatikana kwa malipo ya vipindi tu. Juni 2024, serikali ya Marekani iliishitaki kwa madai ya kuwaficha wateja ada ya kujitoa mapema.

Tangu Januari 1, 2025, sheria ya jimbo la California inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi pale anapompa leseni tu, si umiliki. Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mtume (S.A.W.) alikataza bai yenye gharari, na alimkemea mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu.

3. Je, dhuluma yao inahalalisha kunakili?

Hapana. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haifai kuzivamia. Na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Hiana ya mwenzako haikupi ruhusa ya kufanya hiana. Isitoshe, programu zilizovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi.

Mlango wa halali upo, nao ni programu huria, ambazo wenyewe wametoa idhini zinakiliwe na kugawiwa. LibreOffice, iliyoanza 2010 kutokana na OpenOffice, huandika barua na kupiga hesabu bila malipo. OpenOffice yenyewe ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

4. Kabla ya kubonyeza "Nakubali"

(a) Uliza: ninamiliki au ninakodi?
(b) Tazama muda wa malipo, na kama yatajirudia yenyewe.
(c) Jua namna ya kujitoa na gharama yake.
(d) Hifadhi nakala ya kazi zako mahali pengine.
(e) Mwanafunzi asikubali mkataba wa malipo bila idhini ya mzazi.

Maswali ya zoezi

1. Eleza tofauti ya bai na ijara kwa mifano miwili ya nyumbani kwenu.
2. Juma amelipia programu kwa mwezi mmoja, kisha akampa rafiki yake nakala iliyovunjwa kufuli. Taja haki iliyovunjwa na aliyeivunja.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturuzuku chumo la halali na atuepushe na la haramu. Amin. Wallahu aalam.