Kimo cha Maji: Ninavyotengeneza Ramani ya 3D ya Mtandaoni

Ramani yangu ya kwanza ya 3D ilikuwa ya bonde la Mto Msimbazi linalofurika, Dar es Salaam. Niliifungua mbele ya mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Hananasif, bondeni humo, nikaizungusha, nikailaza, majengo yakasimama kwa rangi za kupendeza. Mzee alitazama kwa utulivu, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, maji yako wapi?"

Tangu siku hiyo, kila ramani naianza na swali lake. 3D inaongeza kitu kimoja tu juu ya ramani ya kawaida, nacho ni kimo. Kama kimo hicho hakimjibu mtu swali lake, heri ramani ibaki bapa. Hizi ndizo hatua ninazofuata sasa.

1. Amua kwanza ni kimo cha nini

Ukichora Kilimanjaro, ardhi yenyewe ndiyo habari: kilele cha Kibo mita 5,895, cha Mawenzi mita 5,149, na uwanda mpana kati yao. Ukichora Posta au Kariakoo, habari ni maghorofa. Ukichora takwimu, kama idadi ya watu kwa kata, fikiri mara mbili, kwa sababu nguzo za mbele huziba za nyuma. Rangi kwenye ramani bapa husomeka vizuri zaidi.

Bondeni Hananasif nyumba nyingi hazina ghorofa. Ukiziinua zote kwenye ramani unapata zulia lisilosema kitu. Nyumba na nyumba zinatofautiana kwenye msingi: umeinuka kiasi gani kutoka uani, na maji yakija yanafika wapi ukutani. Hicho ndicho kimo nilichopaswa kuchora tangu mwanzo.

2. Pata majengo

Nayachukua OpenStreetMap. Majengo mengi ya Dar es Salaam yamo humo kwa jasho la mradi wa Ramani Huria, kazi iliyoanza mwaka 2015 kwa kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa. Nayatoa kwa tovuti ya Overpass Turbo na kuyahifadhi kama faili la GeoJSON. Angalia sehemu za `height` na `building:levels`. Ya `height` ikiwa tupu, mimi hukadiria mita 3 kwa kila sakafu, nikaandika jibu kwenye sehemu niliyoiita `kimo`, na nyumba hizo nazipaka kijivu ili mtazamaji ajue ni makadirio.

Zingatia mpangilio wa namba. GeoJSON inataka longitudo kwanza, latitudo baadaye. Dar es Salaam ni 39.28, kisha -6.8. Vipimo vyangu vya kwanza nilivipanga kinyume, na nyumba zote za Hananasif zikaangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ukifungua ramani ukaikuta tupu, usifute kazi yako. Vuta picha mbali, uone data imekwenda wapi.

3. Pata ardhi, na ujue mipaka yake

Data mbili za mwinuko nizitumiazo ni za bure: SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na Copernicus GLO-30. Kwa zote mbili, pikseli moja ni kama mita 30 kwa 30. Kwenye mtaa uliobanana, pikseli moja inameza nyumba kadhaa pamoja na uchochoro wake. Tena rada haifiki kwenye udongo kila mara. Mara nyingi huhesabu paa la bati au kilele cha mwembe.

Kwa hiyo data hizi zinakuonyesha vizuri umbo la bonde, kutoka vilima vya Pugu hadi baharini. Haziwezi kukwambia kama maji yataingia mlangoni kwa mtu. Anayezipaka buluu kisha akasema "nyumba hii iko salama" anacheza na uhai wa watu.

4. Chora

Natumia MapLibre GL JS, maktaba huria iliyozaliwa Desemba 2020 baada ya kampuni ya Mapbox kubadilisha leseni ya maktaba yake. Jengo huinuliwa kwa tabaka la aina ya `fill-extrusion`, na moyo wake ni mistari miwili:

```
'fill-extrusion-base': 0,
'fill-extrusion-height': ['get', 'kimo']
```

Msingi nauchora kama tabaka lake chini ya nyumba, na maji kama tabaka la tatu, la buluu inayoruhusu kuona yaliyo nyuma yake. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kiwango hicho cha uangavu hutumika kwa tabaka zima, si kwa jengo mojamoja. Ukitaka maji yenye vipimo vya hakika yaonekane tofauti na ya kukisia, tengeneza matabaka mawili. Pili, ukikuza mwinuko wa ardhi mara tatu ili bonde lionekane, nyumba hazikui pamoja nao. Uwiano wa nyumba na kingo za mto unakuwa wa uongo. Kwenye ramani ya mafuriko, siukuzi kabisa.

5. Punguza uzito

Mkazi ataifungua ramani yako kwa simu na bando lake. Kwenye programu ya QGIS punguza tarakimu za longitudo na latitudo zibaki 6 baada ya nukta, maana hapo umeshafika usahihi wa kama sentimita 11. Halafu pitisha faili kwenye programu ya Tippecanoe, likatwe vipande vidogo na kuhifadhiwa kama PMTiles, ili simu ivute sehemu inayotazamwa tu. Weka pia kitufe cha kuirudisha ramani iwe bapa, kaskazini juu. Watu wengi hupotea ikishazungushwa.

6. Nenda mtaani na tepu ya kupimia

Bondeni hakuna anayekuhesabia maji kwa mita. Utaambiwa yalifika kifundoni, gotini, kiunoni, kifuani. Mwanzoni nilikuwa nabadilisha maneno hayo kuwa mita nikiwa mezani, mpaka nilipobisha hodi kwa bibi mmoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Alinipeleka chumbani, akasogeza mlango, na nyuma yake kulikuwa na mstari wa tope ambao chokaa haikuufikia. Akaweka kiganja juu yake. "Hapa. Godoro lilikuwa linaelea." Nikapima: sentimita 94 kutoka sakafuni. Nikatoka nje nikapima msingi: sentimita 40. Jumla 134 kutoka uani. Kwake yeye yalikuwa maji ya kiunoni, kwa sababu alisimama ndani. Pale uani yangemfunika mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu hapo kila nyumba naiuliza mawili: maji yalifika wapi, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Kwenye ramani nikaondoa kipimo cha mita, nikaweka vitufe vinne: kifundo, goti, kiuno, kifua, vyote vikihesabiwa kutoka uani. Ukibonyeza kimoja, maji yanapanda, na nyumba ambazo sakafu zake ziko juu ya maji zinabaki nyeupe.

Nikarudi kwa mwenyekiti. Safari hii hakusubiri nimwonyeshe. Aliishika simu mwenyewe, akabonyeza goti, akasogeza ramani taratibu kufuata uchochoro mmoja, akasimama kwenye nyumba nyeupe. "Watoto wa upande huu," akasema, "mawingu yakifunga tu, waanze kwenda kwa huyu. Msingi wake mrefu." Kisha akaniomba kalamu, aandike majina yao.