Umbo Tegemeo na Fomula: Somo la Usanifu kwa Kompyuta na Mtihani wa Istilahi

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hudhani kwamba kazi yake katika uwanja wa teknolojia huanza na kukoma kwenye orodha ya istilahi. Makala haya yanashikilia kuwa istilahi haijapimwa mpaka itumiwe kufundishia. Ili kudhihirisha hoja hii, tunachukua dhana moja ya usanifu kwa kompyuta na kuifundisha.

Dhana na jina lake

Msanifu anapochora kifaa kwa kompyuta, hutanguliza nukta, mihimili, mabapa na mikunjo ambayo haitakuwa sehemu ya kifaa chenyewe. Kazi ya maumbo hayo ni kushikilia sehemu nyingine, mithili ya uzi ambao mwashi huutandaza kabla ya kupanga matofali. Ukuta ukisimama, uzi huondolewa.

Tafsiri ya haraka ingekuwa "maumbo ya marejeo". Hata hivyo, kwa msomi, marejeo ni orodha ya vitabu mwishoni mwa tasnifu. Tunapendekeza "umbo tegemeo", kwani kitenzi tegemea hubainisha kuwa kuna kinachotegemea na kinachotegemewa.

Uhusiano huu una historia. Katika programu yake ya Sketchpad ya mwaka 1963, Ivan Sutherland aliiwezesha kompyuta kuhifadhi masharti baina ya mistari, mathalani kwamba miwili iwe sambamba. Msanifu wa leo huweza kuandika masharti hayo kwa fomula.

Somo: sahani ya jiko la jua

Jiko la jua lenye umbo la sahani hukusanya miale kwenye nukta moja, yaani fokasi, ambapo sufuria huwekwa. Mkunjo wa sahani hiyo ni parabola, na mlinganyo wake ni:

y = x² ÷ 4f

Hapa, x ni umbali kutoka mhimili wa kati, y ni kimo cha sahani mahali hapo, na f ni umbali wa fokasi kutoka kitako cha sahani. Hatua ni hizi:

1. Katika lahajedwali ya programu, taja vibadilika viwili: f = sentimita 50, na r, yaani nusu ya kipenyo cha sahani, = sentimita 60.
2. Weka bapa la kuchorea na mhimili wima.
3. Juu ya mhimili, weka nukta ya fokasi. Panapohitajika kimo, usiandike 50, andika f.
4. Chora mkunjo kwa mlinganyo, x ikianzia 0 hadi r. Ikiwa x ni 20, y ni 2. Ikiwa 40, y ni 8. Ikiwa 60, y ni 18.
5. Zungusha mkunjo kwenye mhimili upate sahani, kisha funga kishikio cha sufuria kwenye nukta ya fokasi.

Sasa badilisha f iwe 60. Kimo cha ukingo hushuka kutoka sentimita 18 hadi 15, na sufuria hupanda yenyewe hadi sentimita 60. Lau msanifu angeandika 50 katika hatua ya tatu, sahani ingebadilika ilhali sufuria ingesalia sentimita 10 chini ya fokasi. Mchoro ungependeza, lakini chakula kingekawia kuiva.

Angalizo

Utegemezi sharti uelekee upande mmoja. Iwapo f imekokotolewa kutokana na kina cha sahani, kina hicho hakiwezi tena kukokotolewa kutokana na f, programu itakataa. Kosa hili si geni kwetu: ni lile la kamusi inayofasili kidahizo kwa kisawe chake, kisha ikafasili kisawe hicho kwa kidahizo kile kile.

Hitimisho

Somo limefundishika kwa nukta, mhimili, bapa, mkunjo na mlinganyo, maneno tuliyokuwa nayo tayari. Pengo lilikuwa katika jina la uhusiano. Msomaji na arejelee angalizo letu, aweke "marejeo" mahali pa "utegemezi", kisha aone kama kosa la msanifu bado linaeleweka. Jibu lake ndilo litakaloamua iwapo pendekezo letu lina mashiko.