Silas Marner: Habari za Mtu Aliyeachwa na Rafiki

Kitabu kiitwacho Silas Marner kilitolewa Uingereza mwaka 1861. Mtungaji alijiita George Eliot, lakini alikuwa mwanamke, jina lake Mary Ann Evans (1819–1880). Wengi hudhani upweke ni kukaa mbali na watu. Upweke wa Silas ulianzia katikati ya ndugu zake.

Silas alikuwa mfuma nguo, kijana mcha Mungu, katika usharika mdogo uliokusanyika Lantern Yard, katika mji wa kaskazini. Rafiki yake wa moyoni alikuwa William Dane, na ndugu waliwaita Daudi na Yonathani. Usiku mmoja Silas alikesha penye shemasi mgonjwa, akashikwa na ugonjwa wake wa kupotewa na fahamu. Shemasi akafa, fedha za kanisa zikaibiwa, na kisu cha Silas kikaonekana mahali zilipokuwapo. Akakumbuka ya kuwa mara ya mwisho alikitoa kisu kile ili amkatie William ukanda. Walakini ndugu walipomwuliza alinyamaza, akitumaini kwamba Mungu atamtetea. Wakapiga kura, ikamwangukia yeye. Ndipo akamshtaki William mbele ya wote, wala hawakumsadiki. Na mchumba wake akaolewa na William.

Walimu, angalieni jambo hili. Mtu huyu hakupoteza rafiki tu. Alidhani Mungu mwenyewe ameshuhudia uongo juu yake. Akahamia kijiji cha Raveloe, akakaa huko miaka 15 kama mgeni. Mara moja alimponya jirani kwa dawa ya majani; watu wakaja wakitaka hirizi, naye kwa kuwa hakupenda kuwadanganya akawafukuza, hata wema wake ukamzidishia utengano. Akapenda sarafu zake za dhahabu. Lakini mimi naona habari ya mtungi yapita ile ya dhahabu: mtungi wake wa maji, alioutumia miaka 12, ulipovunjika aliokota vigae, akaviunganisha, akauweka mahali pake pa zamani, ingawa haukufaa kitu tena.

Fedha zake zilizidi pauni 272, zikaibiwa. Ndipo majirani wakaanza kumhurumia. Akaja Dolly Winthrop na vikeki vyenye herufi I.H.S., ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzisoma. Aliziona kanisani, akajua tu kwamba ni njema. Kisha, usiku wa theluji, mtoto mdogo ambaye mama yake amekufa njiani akaingia nyumbani mwa Silas, akalala karibu na moto. Dhahabu ilimfungia ndani. Mtoto alitaka nguo, maziwa, ubatizo, na Silas hakujua hata kumvika. Ikambidi aende kuuliza kwa Dolly.

Habari za kura alimwambia Dolly kidogo kidogo, siku nyingi. Naye hakufanya haraka kumjibu. Mwisho alisema haelewi maana ya kura ile, lakini kama Silas angalizidi kutumaini, asingaliwakimbia watu.

Yule mtoto, Eppie, alipokuwa mtu mzima, Silas alikwenda naye Lantern Yard, apate kujua kama ilijulikana kwamba hakuiba. Hakuiona nyumba ya ibada. Mahali pake palisimama kiwanda kikubwa, na watu walikuwa wakitoka kwenda kula chakula cha mchana. Akauliza huku na huku, wala hapakuwa na mtu aliyejua neno.