Binti Amefaulu: Tumpeleke Shule Ipi?

Somo kwa wazazi na walezi

Ndugu wazazi, kila mwaka mwezi Septemba watoto wetu wa darasa la saba hufanya mtihani wa taifa, na mwaka unapokaribia kwisha huja habari za nani amepangiwa wapi. Katika nyumba nyingi habari hizo ni furaha ya siku moja. Siku ya pili maswali huanza, hasa ikiwa aliyefaulu vizuri ni msichana. Baba asema ni mbali mno. Shangazi asema mbona ya kata ipo hapa hapa. Mama yu kimya, anahesabu bei ya godoro. Somo hili ni kwa ajili ya nyumba hiyo, nalo lina neno moja kubwa la kuwaambia: kabla hamjauliza sifa za shule, ulizeni binti atalala wapi.

Jinsi nafasi zinavyogawanywa

Wapo wanaodhani kwamba mwalimu mkuu ndiye anayechagua shule ya serikali, au kwamba mzazi akienda wilayani kuomba mapema atapewa aipendayo. Sivyo. Alama za mtihani ndizo zinazoamua. Wenye alama za juu kabisa hupelekwa shule za vipaji maalum, na kwa wasichana wanaoingia Kidato cha Kwanza shule hizo ni tatu: Tabora Wasichana, Msalato iliyoko Dodoma, na Kilakala iliyoko Morogoro. Nyuma yake huja shule za ufundi na za bweni za kawaida. Walio wengi hupangiwa shule za kutwa za kata. Kwa hiyo kazi ya mzazi yaanza pale jina linapobandikwa: kukubali, kuomba uhamisho, ama kutafuta shule ya binafsi.

Tusizibeze shule za kata. Mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari zisizofika 1,500. Kufikia mwaka 2009 zilipita 4,000. Bila shule hizo watoto wengi wa vijijini wangaliishia darasa la saba, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya wazazi wao. Lakini tukumbuke namna zilivyojengwa. Wananchi walichimba msingi na kufyatua tofali za madarasa kwanza, kwa kuwa madarasa ndiyo yaliyohitajika Januari. Mabweni yakaachwa kwa baadaye, na mahali pengi hiyo baadaye haijafika.

Chumba cha kupanga

Mkoa wetu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mkubwa na watu wake wametawanyika. Anayeijua njia ya Mishamo, au ya kutelemka Karema ziwani, hahitaji kuelezwa. Mtoto akipangiwa shule ya kutwa iliyo mbali na kwao, mambo huwa mawili. Ama atatembea alfajiri na jioni, ama wazazi watampangia chumba karibu na shule, kile ambacho vijana hukiita geto. Anapewa debe la unga, maharage kidogo na sufuria, naye ana miaka 13 au 14. Anaishi peke yake au na wenzake wawili wa umri uleule. Mwenye nyumba hamjui hata jina la baba yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Mwaka ule hakuna mkoa uliotuzidi. Utafiti wa 2022 ulionyesha hesabu imeshuka hadi 34, na kwa hilo tushukuru, ingawa bado ni juu ya ile ya nchi nzima, yaani 22. Watu wakisikia hayo huwashambulia mabinti kwa maneno makali. Mimi naona humo umbali wa njia, chumba kisicho na mtu mzima, na mwenye bodaboda ambaye asubuhi ya mvua anambeba mtoto bila nauli, na mwisho wa mwezi anadai.

Basi fanyeni hesabu kwa uaminifu. Wapo wanaokataa nafasi ya bweni ya serikali kwa sababu ya gharama, kisha wanapanga chumba. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, na katika shule za bweni za serikali chakula hugharimiwa na serikali yenyewe. Mzazi anabaki na sare, godoro, vifaa vya kuandikia, mahitaji madogo na nauli ya kwenda na kurudi. Mwekeeni upande wa pili kodi ya chumba ya miezi kumi, unga, mkaa, mafuta ya taa au umeme, na sabuni. Katika nyumba nyingi mtaona kwamba mbali ndiko kwenye nafuu. Nayo nauli ya Tabora si ya kutisha: ipo treni inayopita Kaliua, na yapo mabasi ya njia ya Inyonga na Sikonge.

Na kama hakuna budi asome kutwa? Hapo mwulizeni mkuu wa shule kama ipo hosteli iliyojengwa na kijiji au halmashauri. Isipokuwapo, tafuteni nyumba ya watu wa heshima, yenye mama ndani, mkakubaliane naye waziwazi juu ya chakula na kazi za nyumbani, ili mtoto asigeuzwe mtumishi. Mchungaji na wazee wa kanisa wa mahali pale wanazijua nyumba. Waulizeni.

Umbali si jambo geni

Msichana kwenda mbali kwa ajili ya elimu si mtindo wa leo. Mama Gertrude Mongella alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1945, akasoma Marian College ya Morogoro, shule ya masista wa Maryknoll. Kutoka Ukerewe hadi Morogoro siku zile ilikuwa safari ya meli, kisha reli. Mwaka 1995 ndiye aliyesimamia mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Marian College baadaye ilitwaliwa na serikali, nayo ndiyo Kilakala ya leo. Yaani mlango alioupitia yeye uko wazi kwa binti wa Mwese au wa Usevya mwenye alama za kutosha, tena bila ada.

Siwezi kupita hapa bila kusema jambo la aibu. Wapo wazazi wanaomwambia binti aandike majibu ya makosa kwa makusudi katika mtihani wa darasa la saba, ili asichaguliwe, aolewe. Mtoto hutii, kwa kuwa amefundishwa kutii. Wazazi wa namna hiyo wafahamu kwamba Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na binti aliyeacha shule kwa ajili ya mimba asihesabiwe amekwisha; tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani baada ya kujifungua.

Kuyasoma matokeo

Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kila shule, na kijana yeyote mwenye simu aweza kuwafungulia. Tangu mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, nami naona lilifanya vema, maana tulikuwa tukinunua jina kama tununuavyo kitenge kwa rangi. Someni wenyewe. Katika Kidato cha Nne huhesabiwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Zaidi ya hapo ni sifuri.

Tuseme shule moja ina watahiniwa 40, wote daraja la kwanza. Nyingine ina 160, na 70 kati yao wana daraja la kwanza. Ipi bora? Msijibu kwanza. Ulizeni ile ya kwanza iliingiza wasichana wangapi Kidato cha Kwanza miaka minne nyuma. Kama walikuwa 90, wale 50 wamekwenda wapi? Zipo shule za binafsi ambazo huweka wastani wao, na mtoto asiyeufikia hurudishwa nyumbani au huhamishiwa kituo kingine ili asiharibu jina. Wizara imewahi kukataza mchezo huo, na bado wazazi hawana budi kuuliza, tena kabla ya kulipa hata shilingi.

Kisha tazameni somo moja moja, kwanza Hisabati. Mwaka 2024, katika watahiniwa wanne wa Kidato cha Nne nchini, mmoja tu hivi ndiye aliyefaulu Hisabati. Binti mwenye akili ya kuwa daktari au mhandisi hatafika bila mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia anayeingia darasani kila kipindi. Mwulizeni mkuu wa shule: walimu wa masomo hayo ni wangapi, na maabara hutumika au imefungwa kufuli? Afadhali kuwauliza wanafunzi wenyewe. Wao husema kweli. Mkumbuke pia kwamba katika mradi wa SEQUIP serikali ilipanga kila mkoa wa Tanzania Bara upate shule moja ya wasichana ya sayansi yenye mabweni, jumla 26. Katavi imo katika hesabu hiyo. Pateni habari zake kwa afisa elimu, na za Mpanda Girls hapa mjini kwa ajili ya Kidato cha Tano, kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya shule ya mbali ya kulipia.

Kuitazama shule kwa macho

Anayeweza kwenda na aende, hata kwa kutumwa na ndugu mmoja kwa niaba ya wazazi watatu. Asiridhike na maua ya ofisini. Aone visima, vyoo, na mahali wasichana wanapofulia. Amwone matroni na kumsikia anavyosema na watoto. Aingie bwenini atazame milango: ni mingapi, hufunguka kwa upande gani, na usiku funguo hukaa kwa nani. Mwezi Juni 1994 moto wa bweni katika shule ya Shauritanga, wilayani Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Mzazi anayeuliza habari za milango si mkorofi.

Shule za binafsi hutahini kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili atababaika hata kama ana akili nyingi. Mpeni miezi ya kusubiri matokeo ajizoeze kusoma na kuandika lugha hiyo. Hata aendaye shule ya serikali atakutana nayo siku ya kwanza.

Naye binti aulizwe. Si kwamba neno lake liwe la mwisho, bali mara nyingi anajua jambo tusilolijua: kwamba anaogopa njia fulani, au kwamba rafiki yake alirudi kutoka shule fulani akiwa mgonjwa, au kwamba angependa sayansi na hakuthubutu kusema.

Wenye watoto wadogo wasikilize hili pia. Kwa Sera ya Elimu, Toleo la 2023, elimu ya lazima imekuwa miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpango uliowekwa, walioanza darasa la kwanza mwaka 2021 wanamaliza la saba mwaka 2027, na wadogo wao walioanza 2022 wanamaliza la sita mwaka huohuo, wote waingie Kidato cha Kwanza Januari 2028. Ni makundi mawili kwa mlango mmoja. Vijiji vyenye mawe na mchanga wa hosteli visingoje mwaka ule ufike.

Fomu ya kujiunga ikipatikana, isomeni yote siku ileile, maana vitu vingine hushonwa na fundi huchelewa. Msafirisheni mtoto mapema ili afike mchana. Kama shule iko Tabora au Dodoma, mwombeni mchungaji awaandikie barua kwa mchungaji wa huko, ili apatikane mlezi wa kwenda siku ya kutembelea wanafunzi pale ninyi mtakaposhindwa kusafiri. Simu haziruhusiwi bwenini, basi namba ya matroni iandikwe mahali pawili: kwenye daftari la baba, na nyuma ya mlango wa jikoni ambapo mama huiona.