SOMO LA MWEZI: WADUDU WANAOUMA, BUSTANINI NA KAZINI



Wengi wetu tunaoishi katika kambi za mashamba ya chai hapa magharibi mwa Uganda tuna kibustani nyuma ya nyumba: mistari michache ya maharagwe, mchicha ambao wengine huuita dodo, na migomba miwili mitatu. Tukitoka kwenye chai tunashika jembe. Kwa hiyo tunakutana na wadudu wanaouma mara mbili kwa siku, asubuhi katika kazi ya mwajiri na jioni katika kazi yetu wenyewe. Somo hili tumelichagua kwa sababu ya jambo lililompata mwenzetu mmoja, nalo tutalieleza mbele. Kwanza tuanze na bustani, maana huko makosa mengi tunayafanya kwa mikono yetu.

Kosa kubwa ni kuua kila chenye miguu mingi. Tumchukue buibui. Yeye si mdudu hasa, kwa kuwa mdudu ana miguu sita naye ana minane. Chakula chake ni nzi, mbu, nondo na panzi wadogo. Yule mkubwa, bapa, anayekimbia ukutani usiku na kuwatisha watoto, hana madhara kwetu, tena anakula mende. Watu wa kambi humwagia mafuta ya taa, kisha hulalamika kwamba mende wamejaa kabatini. Na utando uliotandwa kati ya maharagwe ni mtego ambao hatukuununua. Tuuache.

Yupo buibui mmoja wa kuangaliwa. Ni mdogo, wa rangi ya kahawia, tumbo lake ni mviringo kama punje ya njegere, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa iliyobanwa katikati. Vifuko vyake vya mayai vina vijimiiba pande zote. Hukaa chini ya viti, ndani ya ndoo iliyoinamishwa, chooni, na ndani ya buti lililolala nje. Akiuma panauma sana, lakini ni nadra kumdhuru mtu mzima zaidi ya hapo, na haumi mpaka abanwe. Dawa yake ni kukung'uta buti na glavu kila asubuhi kabla ya kuvaa. Ukifanya hivyo umejikinga na nge vilevile.

Nyigu nao wanasingiziwa mengi. Wale wanaojenga vibomba vya udongo ukutani ni wapole kabisa, hawalindi nyumba yao. Wale wa kiota cha karatasi chini ya paa wanauma kweli, tena mmoja aweza kuuma mara nyingi kwa kuwa mwiba wake haubaki mwilini. Lakini hao ndio wanaookota viwavi katika mboga zetu. Kama kiota kiko mbali na mlango na njia ya watoto, kikae. Kama ni lazima kiondolewe, kiondolewe usiku na mtu aliyejifunika mwili wote, bila moto. Tumeona jiko zima la nyasi likiteketea kwa sababu ya nyigu wanane.

Siafu hatuna haja ya kuwaeleza sana. Wakipita nyumbani katika mvua, toka, waache wasafishe mende na panya, kisha rudi. Ila mtoto mchanga, kuku waliofungiwa na mbuzi aliyefungwa kamba hawawezi kutoka wenyewe. Mama anayemlaza mtoto kivulini pembeni mwa chai aangalie ardhi kwanza.

Sasa tufike kwa nyuki, maana hapa hatusemi tena habari ya maumivu ya siku moja.

Nyuki wetu wa Afrika ni mkali kuliko wa Ulaya. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika ili apate asali zaidi. Mwaka 1957 makundi 26 yalimtoroka, wakazaliana na nyuki wa kule wenye asili ya Ulaya, wakasambaa nchi kwa nchi hata kufika Texas, Marekani, mwaka 1990. Huko watu waliwaita nyuki wauaji. Sisi tumeishi nao tangu babu zetu, na tunajua kwamba nyuki aliye juu ya ua la maharagwe hana shida na mtu. Ugomvi huanza karibu na nyumba yake. Mshindo na mtetemo humkasirisha: trekta, mashine ya kukatia nyasi, mashine ya kuchumia chai, hata panga likipiga kisiki.

Nyuki anapouma huacha mwiba pamoja na kifuko cha sumu, naye hufa. Kifuko kile huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akiisha kuondoka. Tena hutoa harufu inayofanana na ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake waje kuuma papo hapo. Ndiyo maana kusimama ukipunga mikono ni hatari. Kimbia, funika uso kwa shati, nenda moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, ufunge. Usijitose mtoni, watakungoja juu ya maji. Ukiwa salama toa miiba. Wazee walitufundisha tusiibane kwa vidole, tuikwangue kwa kisu. Siku hizi imejulikana kwamba namna ya kuitoa si kitu, jambo ni haraka, na anayetafuta kisu anapoteza muda. Kisha osha kwa sabuni, weka maji baridi.

Kuna watu ambao mwiba mmoja tu waweza kuwaua. Dalili zake ni vipele mwili mzima mbali na palipoumwa, midomo na ulimi kuvimba, kifua kukoroma, kutapika, kizunguzungu. Mtu huyu hana saa nzima ya kungoja gari. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani, na vidonge vya mafua au vya maumivu havishiki nafasi yake. Alazwe, miguu iinuliwe, au aketishwe kama anashindwa kupumua. Asisimamishwe.

Na aliyeumwa na nyuki wengi, kama hamsini na kuendelea, apelekwe hospitali hata akisema amepona. Sumu nyingi huharibu misuli, na mabaki yake huziba figo. Hapa ndipo habari ya mwenzetu inapoingia.

Katika shamba moja ambalo hatulitaji, wachumaji walimwambia mnyapara kwamba kundi la nyuki limeingia katika kisiki kikavu mwisho wa kitalu. Walimwambia siku nne mfululizo. Mnyapara alijibu kwamba wadudu ni wadudu, kilo za siku lazima zitimie. Siku ya tano mashine ya kuchumia ilifika pale. Mwenzetu alikuwa ameishika upande wa kisiki, akaanguka ndani ya mtaro akikimbia. Zahanati ya kambi ilimpa vidonge vya maumivu, akarudi kulala. Siku ya pili mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Mkewe ndiye aliyeshtuka akamkodia pikipiki. Alilala hospitali wiki tatu, na Mungu alisaidia figo zikarudi.

Alipotoka alikuta siku zote zile zimekatwa mshahara. Tulipoomba kuona daftari la ajali, hakuna kilichoandikwa. Tuliambiwa kwamba nyuki si ajali ya kazi, ni bahati mbaya, kwani nyuki si mali ya kampuni.

Tulikaa mezani na meneja mara tatu. Hatukubishana juu ya mwenye nyuki. Tulibishana juu ya kisiki, kitalu na amri ya kuendelea, ambavyo vyote vilikuwa vya mwajiri. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema habari ya ajali iliyotokana na kazi, mtu akiwa kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kazi pawe salama. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, asiadhibiwe. Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuingiza mkataba huo katika mikataba ya msingi. Hayo meneja hakuyapinga.

Siku zilizokatwa zimelipwa. Adrenalini imeletwa zahanati, vichupa vichache. Fidia yenyewe bado tunaifuatia, na imekuwa ngumu kwa sababu moja tu: siku ile hakuna aliyeandika. Wale wachumaji waliotoa taarifa siku nne walisema kwa mdomo.

Kwa hiyo kabla ya mkutano wa tawi wa mwezi huu, kila mwakilishi apite zahanati ya kambi yake aulize mambo mawili: adrenalini ipo au haipo, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya kichupa ni ipi. Kisha apite vitalu vyake, aandike katika daftari kila kisiki, mti wenye tundu au kichuguu chenye nyuki, na siku aliyomwarifu mnyapara. Nakala moja abaki nayo. Na wale wanaofuga nyuki kijijini kwao, tunao wengi, wajitokeze mkutanoni, maana kundi la nyuki laweza kuhamishwa usiku likatiwa mzingani bila kuchomwa, na tunataka kumwambia meneja kazi hiyo ina malipo.