Paka anajikamua, choo hakitoki

Shikamoo Shangazi. Paka wangu ni dume wa miaka 9, amehasiwa, tunaishi ghorofani. Chakula chake ni dagaa wakavu na vichwa vya samaki. Tangu juzi anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, analia, kisha anatoka bila kufanya kitu. Jana jioni alitapika. Jirani anasema nimnyweshe mafuta ya nyonyo. Muuza duka la dawa naye ana chupa ya kusafishia tumbo, ya watu wazima. Nifanye lipi?
Mwenye Paka, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Usifanye lolote kati ya hayo. Kwanza kaangalie ule mchanga: una sehemu zilizoloa? Dume anayejikamua hivyo huenda hajafunga choo, bali ameziba mkojo, na kwa macho hali hizo mbili zinafanana mno. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba. Ikiziba kabisa, uchafu wa mwili hurundikana kwenye damu, na siku mbili zinatosha kumuua. Kama mchanga ni mkavu, au unaona matone tu huku akijilamba chini kila mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hii hii, hata ikiwa usiku.

Kama anakojoa vizuri, basi yaelekea ni choo. Paka mzima hupata choo karibu kila siku, laini kiasi cha kunata mchanga. Aliyefunga hutoa vijipande vikavu, vigumu kama kokoto, au hatoi kabisa. Wako amefikisha siku mbili na ametapika, kwa hiyo daktari ni leo, si kesho.

Ile chupa ya dukani naiogopa kuliko yote. Nyingi zina fosfeti, ambayo huvuruga chumvi za damu ya paka na inaweza kumuua upesi. Mafuta nayo, paka akigombana na kijiko, yanaweza kuingia mapafuni. Daktari atampapasa tumbo, atamwongezea maji mwilini, na ikibidi atamsafisha kwa dawa zinazomfaa paka. Muombe apime na figo. Katika umri huu figo zikichoka, maji mengi hupotea kwenye mkojo, mwili unayafidia kwa kuyanyonya kutoka kwenye choo, na choo kinakauka.

Akishapona, vichwa vya samaki acha kabisa, kwa sababu ya mifupa. Dagaa waloweke, wachemshe bila chumvi, umpe pamoja na supu yao. Paka wengi hawanywi maji ya kutosha, hivyo bora maji yaje na chakula. Weka bakuli za maji sehemu mbili tatu, mbali na beseni. Kijiko cha chai cha boga lililochemshwa huwasaidia wengine, ila usimpe kabla mwili haujapata maji, maana nyuzinyuzi bila maji huzidisha tatizo. Beseni liwe la ukingo mfupi, lisafishwe kila siku. Mzee mwenye maumivu ya viungo hujizuia asije akapanda.

Ukifika kwa daktari, mwambie lini mara ya mwisho uliona choo na mkojo, na kama aliwahi kugongwa na gari au kuanguka kutoka huko ghorofani. Nyonga iliyovunjika ikaunga vibaya hubana njia ya choo miaka mingi baadaye.